Niulize Mbele ya Wageni

“Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, tena mbele ya wageni!”

“Mpenzi, shusha sauti. Nimekusifia, kosa langu nini?”

“Hilo hilo la kunisifia.”

Walikuwa koridoni nje ya ukumbi, wenzao wakinywa chai. Dada aliyekuwa akilalamika alikuwa katibu wa kongamano la uchumi ambalo wanafunzi waliliandaa wenyewe, kuanzia kupanga viti hadi kuwaalika wanauchumi kutoka ng'ambo. Kijana aliyesimama mbele yake, Takwimu kama chuo kizima kilivyomwita, alikuwa mchumba wake. Utaratibu ulitaka kila anayewasilisha utafiti akosolewe hadharani na mwenzake, na kura ikamwangukia Takwimu amkosoe katibu.

Asubuhi Takwimu alimkosoa mwanafunzi mwingine hadi jamaa akalowa jasho. Ilipofika zamu ya mchumba wake akasema, “Kazi nzuri, sina la kuongeza,” akaketi. Mgeni mmoja alitabasamu kama anayemtazama mtoto akiimba. Katibu alitamani ardhi immeze.

“Ulikuwa na swali?” akamuuliza sasa pale koridoni.

Takwimu akaangalia viatu vyake.

“Nilikuwa nalo. Lingekuumbua.”

“Ukanionea huruma?”

“Nilikulinda. Nakupenda, wewe!”

“Yule wa asubuhi ulimheshimu kuliko mimi. Uliamini atajibu. Sikiliza, siolewi na mtu anayeniona dhaifu. Tukirudi ndani nakupa kipaza sauti. Ama uniulize, ama uchukue pete yako.”

Haikuwa rahisi kusema hivyo. Alimpenda kufa, na swali lenyewe hakulijua.

Ndani, akasimama mbele ya wote.

“Waheshimiwa wageni, mkosoaji wangu hakumaliza kazi yake.”

Takwimu akainuka. Akapokea kipaza sauti.

“Unasema mikopo midogo imewainua wauza mboga. Lakini uliwahoji waliopo sokoni. Walioshindwa kulipa wakafunga biashara wako wapi? Bila wao utajuaje mikopo imeinua wangapi na imezamisha wangapi?”

Lilikuwa swali la haki, na lilimpata katibu pabaya.

“Niliwatafuta. Wengi walishahama. Nikapata wachache, nikawaacha nje ya hesabu. Hapo nilikosea. Matokeo yangu ni ya waliobaki sokoni tu. Hao wengine nitawafuata hadi majumbani kwao, na mwakani nitasimama hapa hapa niwape jibu.”

Makofi yakaanzia viti vya nyuma. Mgeni mkuu, profesa mwenye mvi, akaomba kipaza sauti, mkalimani akatafsiri.

“Nimezeekea kwenye makongamano. Sijawahi kuona mtu akidai mwenyewe akosolewe. Mwakani msiponialika nitakuja hivyo hivyo.”

Ukumbi mzima ukasimama. Takwimu alikuwa akipiga makofi kuliko wote, machozi yakimlengalenga, na katibu akajisikia fahari juu yake mwenyewe na juu ya mwanaume yule.

Hajafika mlangoni, simu ikaita. Alikuwa mama yake, fundi cherehani, aliyekuwa akifuatilia kongamano mtandaoni pamoja na majirani. Habari za mchumba wa binti yake alizisikia tu, hajawahi kumtia machoni.

“Mwanangu, umeng'ara! Huku ni vigelegele tu. Lakini yule kijana mwenye roho ngumu aliyekukaba koo mbele za watu ni nani?”

Katibu akamshika Takwimu mkono.

“Ni mkweo, mama. Jumapili nakuletea.”

“Mlete. Na umwambie ajiandae, mimi nami nina maswali yangu.”