Taarifa ya Yoakimu Haingoji Nakala

Kila asubuhi Xaveria alitoka Singe kwenda mahakamani mjini Babati kuulizia nakala ya hukumu ya mumewe. Jibu lilikuwa lile lile: "Karatasi za kuchapia hakuna, mama. Subiri." Mwaka ule wa 1986 hata sabuni ilikuwa shida, sembuse karatasi! Basi akasubiri.

Mumewe, Yoakimu, alikuwa mlinzi wa ghala la kijiji. Mbolea ilipotea, naye akafungwa miaka mitatu kwa wizi. Funguo walikuwa nazo watu watatu. Aliyefungwa ni yeye peke yake.

Jumanne moja Xaveria alipita dukani kwa Mzee Mustapha, karani mstaafu wa mahakama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Severini. Chumvi hakuna, usiniulize."

"Sikufuata chumvi. Yoakimu anataka kukata rufaa. Tunangoja nakala ya hukumu."

"Ametoa taarifa ya kusudio?"

"Taarifa gani tena?"

"Lo! Alihukumiwa lini?"

"Jumatatu ya juma lililopita."

"Mama wee! Leo ni siku ya nane. Ukitoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, unatoa taarifa kwamba unakusudia kukata rufaa. Ni ndani ya siku kumi, na haingoji nakala. Zikipita, itabidi aombe kuongezewa muda, na anaweza kunyimwa."

"Sasa nakala ni ya nini?"

"Ya kuandikia sababu za rufaa. Hizo zina siku arobaini na tano, na siku za kungojea nakala hazihesabiwi. Taarifa aitoe kwa mkuu wa gereza. Mbona bado umesimama?"

Kesho yake alifika gerezani. Askari wa mlangoni akatikisa kichwa. "Wafungwa wanaonwa Jumapili."

"Sikuja kumwona," alisema Xaveria. "Anataka kukata rufaa, na kesho ndiyo mwisho. Mwambie mkuu wako."

Askari akaingia ndani. Alikaa sana. Aliporudi alisema, "Mumeo ameweka dole gumba kwenye taarifa. Karatasi itapelekwa mahakamani leo."

Nakala ilipatikana baada ya miezi mitatu. Yoakimu akawasilisha sababu zake ndani ya muda. Mahakama Kuu, Arusha, ikaona hakuna ushahidi kwamba ni yeye aliyechukua mbolea, si wenzake wenye funguo. Akaachiwa huru.

Siku aliyorudi alikula ugali. Kisha akasema, "Nimemwacha mfungwa mwenzangu, Modesti, ndani. Kesi yake kama yangu. Yeye alingoja nakala, siku kumi zikampita."

Xaveria akaweka sahani chini. "Mkewe anaishi wapi?"

"Bonga."

Akajifunga kitenge, akatoka.