Macho Mekundu katika Klabu ya Mvuke

Kila Jumamosi asubuhi, chai ikiwa bado inafuka, Katibu alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza ya cherehani akichambua vipande vya saa mbovu. Vigurudumu vyenye meno aliviweka kwenye kopo moja, skrubu kwenye kopo jingine, na vile ambavyo hakujua kazi yake akavitia mfukoni, kwa kuwa ndivyo vilivyopendeza zaidi vikibandikwa kwenye kofia. Juu ya kichwa chake cherehani ilinguruma. Shangazi yake, fundi wa nguo aliyemlea tangu utotoni, alishona huku akizungumza na pini tatu mdomoni, na Katibu peke yake ndiye aliyeweza kumwelewa.

Watu wote mtaani walimwita Katibu kwa sababu, akiwa na miaka kumi na miwili tu, alikuwa katibu wa Klabu ya Mvuke. Shangazi alikuwa mwenyekiti. Wanachama walikuwa kumi na saba, wakubwa kwa watoto, na wote walipenda kujifanya kwamba umeme na simu havijawahi kugunduliwa, na kwamba dunia nzima inaendeshwa kwa injini za mvuke. Walivaa kofia ndefu, vizibao vyenye vifungo vya shaba na magauni ya marinda, wakajifunga mabomba na saa na mashine zisizofanya kazi yoyote. Kila mwaka, majani ya miti yalipoanza kupukutika, walikuwa na shughuli tatu: chai ya mavazi, matembezi ya mtaani, na mwisho mkutano mkuu wa mavazi katika ukumbi wa mtaa.

Mwaka huo mambo yalikwenda kombo tangu mwanzo. Siku ya chai mvua iliwakuta uwanjani, kofia za maboksi zikalowa zikalala kama uji. Siku ya matembezi, pipa dogo la mvuke ambalo fundi bomba wa klabu alilibeba mgongoni lilianza kuvuja kwenye kona ya pili. Maji yakamlowesha mwoka mikate na gauni lake zito la mahameli, na wote wakarudi nyumbani wakitembea kama bata.

"Nimechoka!" alisema Katibu, akifuta tangazo ubaoni kwa mara ya pili. "Klabu gani hii? Kila nikiandika tarehe, jambo linaharibika."

"Usilie na ubao," Shangazi akamjibu. "Umebaki mkutano mkuu. Huo hautaharibika."

Katibu aliapa moyoni kwamba hautaharibika, hata kama mbingu itaanguka.

Siku ya Alhamisi ya wiki iliyofuata aliamka akakuta jicho lake la kushoto halifunguki. Kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo. Alipolisafisha kwa maji na kujitazama kwenye kioo, aliona jicho jekundu kama nyanya. Liliwasha, likatoa machozi, na kadiri alivyolifikicha ndivyo lilivyozidi kuwasha. Kufikia mchana la pili nalo lilikuwa limeiva.

Alijua la kufanya. Mwalimu wa afya alikwishawaeleza shuleni: jicho likiwa hivyo, sema nyumbani, nenda zahanati. Lakini Katibu alijua pia kwamba Shangazi akiambiwa, jambo la kwanza atakalolifanya ni kumfungia ndani. Na Jumamosi kulikuwa na mazoezi ya mwisho, na picha ya klabu nzima. Nani angepanga watu? Nani angewakumbusha zamu zao? Hao watu wasingeweza hata kupanga foleni bila kukanyagana marinda.

Kwa hiyo shuleni akainamisha kichwa, na nyumbani akavaa miwani.

Klabu ilikuwa na miwani nne kubwa za mafundi wa kuchomelea, za ngozi na vioo vyeusi, ambazo wanachama walivaa kwa zamu. Miwani hizo zilifunika macho yote, hata nyusi. Katibu alikula chakula cha jioni akiwa amevaa mojawapo.

"Hata mezani?" Shangazi aliuliza.

"Nazoea," alisema Katibu. "Nataka siku yenyewe isinibane."

"Haya. Utakapomwaga mchuzi usiniite."

Siku ya Jumamosi chumba cha cherehani kilijaa watu, mabomba na kelele. Fundi bomba, mzee mstaafu aliyetengeneza karibu kila kitu cha shaba ambacho klabu ilikuwa nacho, alikuja na kopo la rangi mpya ya kupaka mabomba. Rafiki yake Katibu, msichana waliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama ndogo shavuni, alikuja akirukaruka. Alikuwa amechaguliwa katika timu ya kuogelea ya shule, na mashindano yalikuwa Jumatano.

Ilipofika zamu ya picha, Kidoti akanyoosha mkono. "Nipe miwani."

"Chukua nyingine."

"Nyingine zote zimechukuliwa. Wewe umeivaa tangu asubuhi, jamani! Ni ya klabu au ni ya kwenu?"

Watu wakageuka kutazama. Katibu alihisi mashavu yakiwaka. Akikataa, wataanza kuuliza. Akageukia ukutani, akaivua, akapitisha mkono wa shati mara moja juu ya ngozi yake, akaitoa kwa nyuma bila kumtazama mtu. Kisha akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Kidoti aliivaa, akapigwa picha, akampa fundi bomba. Fundi bomba akampa mwoka mikate. Shangazi mwenyewe aliivaa, akacheka, akasema inanuka moshi.

Chini ya meza, Katibu alijiambia kwamba ni dakika chache tu. Dakika chache haziwezi kufanya kitu.

Jumanne Kidoti hakufika shuleni. Shangazi aliamka akipapasa ukuta, kope zimevimba. Alijaribu kutunga uzi kwenye sindano mara kumi na tatu, na mara ya kumi na nne akaitupa sindano mezani.

"Magauni matano hayajapindwa," alifoka, "na mimi siioni hata meza! Kitu gani hiki?"

Katibu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kupata nafuu, alisema huenda ni vumbi. Moyoni alikasirika. Aliwakasirikia wote kwa kuugua wiki hii hasa, kana kwamba walikuwa wamekaa kikao wakakubaliana. Hasira hiyo ilimsaidia asifikirie jambo jingine.

Jumatano baada ya masomo fundi bomba alikuja, naye macho mekundu, amebeba mabomba yaliyopakwa rangi. Shangazi hakumpa hata nafasi ya kuketi.

"Mzee, ile rangi yako umeitoa wapi?"

"Dukani. Kwani?"

"Kwani? Nitazame! Mwoka mikate amefunga duka. Yule mtoto Kidoti leo ameyakosa mashindano, mama yake amenipigia simu analia. Wote tulikuwa chumba kimoja na rangi yako. Umetupofusha!"

"Mama, rangi hii haina madhara. Imeandikwa kwenye kopo. Na mimi mwenyewe nimeugua."

"Ndiyo, kwa sababu umeivuta kuliko sisi! Kwanza pipa lako likavuja, sasa rangi. Kila kitu unachokigusa mwaka huu kinatuletea balaa."

Fundi bomba aliyaweka mabomba chini moja moja, taratibu, kana kwamba ni ya kioo. "Miaka tisa nimefanya kazi na klabu hii," alisema. "Kama naleta balaa, nitabaki nyumbani. Mabomba ni yenu."

Akatoka. Viatu vyake vilisikika vikishuka ngazi, vikisimama, kisha vikiendelea.

Katibu alikuwa amesimama mlangoni na begi la shule mgongoni. Alikuwa amesubiri fundi bomba ajitetee zaidi, apige kelele, aseme neno lolote ambalo lingemaliza ugomvi bila yeye kufungua mdomo. Lakini mzee hakupiga kelele. Aliondoka akiamini kwamba huenda kweli amewaumiza watu.

"Shangazi," alisema. "Si rangi. Ni mimi. Macho yaliniuma tangu Alhamisi. Ndiyo maana nilivaa miwani."

Shangazi alimtazama kwa macho yake yaliyovimba. "Tangu Alhamisi?"

"Ndiyo."

"Na Jumamosi ukaigawa?"

"Kidoti aliing'ang'ania..."

"Usimtaje Kidoti!" Shangazi alikaa juu ya rundo la vitambaa, akashika kichwa. "Siku sita. Nimekuuliza, ukaniambia vumbi. Nimemfukuza mzee wa watu. Na ulikuwa umesimama papo hapo! Mtoto wewe, unanizeesha. Vaa viatu, twende zahanati."

Muuguzi wa zahanati aliwapima wote wawili, akanawa mikono, akauliza miwani zilikuwa ngapi na waliozivaa walikuwa wangapi.

"Nne," alisema Katibu. "Watu kumi na saba. Kwa zamu."

"Loo! Mmegawana ugonjwa kama peremende." Muuguzi alitikisa kichwa. "Ugonjwa wenyewe si wa kutisha, wengi hupona baada ya wiki moja au mbili. Ila unaenea haraka kwa mikono, taulo, mito na vitu kama hizo miwani zenu. Msifikiche macho. Naweni mikono kwa sabuni. Kila mtu na taulo lake. Mtu asirudi shuleni wala kazini hadi tumwambie. Na yeyote atakayeumwa sana au kuona ukungu, aje hapa upesi. Sasa, mkutano wenu ni lini?"

"Jumamosi hii," alisema Katibu kwa sauti ndogo.

"Si Jumamosi hii," alisema muuguzi.

Nyumbani Shangazi alimpa kipande cha chaki. "Wewe ndiye katibu. Tangazo la kuahirisha utaliandika wewe, na sababu utaiandika wewe."

Katibu aliandika: *Mkutano umeahirishwa kwa sababu zisizozuilika.*

Shangazi alisogea mpaka pua ikakaribia ubao, akasoma, akafuta kwa kiganja. "Zilizuilika. Andika tena."

Aliandika mara nne. Ya nne ilisema: *Mkutano umeahirishwa kwa wiki mbili. Katibu aliumwa macho akaficha, akawaambukiza wanachama. Rangi ya fundi bomba haina kosa.* Mwandiko ulipinda kuelekea mwisho, lakini Shangazi aliuacha.

Kisha wakaenda kwa fundi bomba. Walimkuta kibarazani, amevaa miwani ya jua, mikono mitupu magotini. Wakasimama mbali kidogo kama muuguzi alivyoagiza.

"Shikamoo, babu," alisema Katibu.

"Marahaba."

Alimweleza yote, hata ule mkono wa shati. Alipomaliza, Shangazi naye akasema, "Mzee, nami nimekosa. Nilikuvunjia heshima kabla ya kuuliza. Nisamehe."

Fundi bomba alimgeukia Shangazi kwanza. "Wewe nimekusamehe," alimwambia. "Mtu haoni sindano, atakosa kugombana?" Kisha akamgeukia Katibu. "Na wewe, la macho nimekusamehe pia. Ugonjwa hukuuomba. Lakini ulisimama pale nikitukanwa, ukiujua ukweli. Hilo niachie kwanza. Litachukua muda."

Katibu alirudi nyumbani nyuma ya Shangazi. Alikuwa amedhani kwamba akishasema samahani, jambo litakuwa limekwisha.

Siku ya mkutano mkuu ilifika, na kama kawaida kila kitu kiligoma. Pindo la mwoka mikate lilinaswa mlangoni. Watoto wawili walipigania kofia. Pazia la ukumbi lilikwama katikati, Shangazi akalivuta huku akilitukana kupitia pini zake. Katibu alikimbia huku na huku na orodha mkononi, amekereka hadi utosini. Kila aliyetaka miwani alikuja na yake, ina alama yake, na kwenye meza ya mlangoni palikuwa na ndoo ya maji na sabuni. Kidoti alipopita mbele yake alinawa mikono polepole sana, akimtazama usoni.

"Mashindano ya kuogelea ni mwakani tena," alisema Kidoti. "Mwakani!"

"Najua. Samahani, Kidoti."

"Umeshasema mara sita."

"Nitasema ya saba."

Kidoti alibetua midomo, lakini walipoambiwa waketi alikaa kiti cha pili kutoka kwake.

Kwa desturi ya klabu, katibu husoma ripoti ya msimu. Katibu alisimama mbele ya ukumbi, karatasi mkononi. Alisoma kuhusu mvua, kuhusu pipa lililovuja, na watu wakacheka. Kisha akasoma kuhusu macho, hakuruka kitu, na watu hawakucheka. Alipoinua kichwa alimwona fundi bomba amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na kofia yake ndefu kichwani. Hakujua alikuwa ameingia saa ngapi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kuongeza neno kwenye ripoti," alisema fundi bomba, na watu wote wakageuka. "Nimeziba mabomba maisha yangu yote. Bomba linalovuja sebuleni halinisumbui, kwa sababu kila mtu analiona na mtu ataniita siku hiyohiyo. Linalonisumbua ni lile lililovuja ndani ya ukuta na mwenye nyumba akalijua, akalipaka chokaa juu. Nikifika, ukuta mzima umeoza, na jirani naye ameloa. Watoto, mkiumwa, semeni siku hiyohiyo. Mkikosea, semeni siku hiyohiyo. Utakaripiwa, ndiyo. Lakini utakaripiwa peke yako, na kwa siku moja."

Akatazama upande wa Katibu. "Huyu alichelewa siku sita. Ila amesimama mbele yetu akasoma bila kujificha, na hilo nalo liandikwe."

Katibu alikaa, akachukua kalamu, akaliandika.

"Sasa," alisema fundi bomba, akikunja mikono ya shati, "nani amelikwamisha hilo pazia? Katibu, njoo unishikie ngazi."