Mshumaa wa Baba Aliye Hai

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hyasinta aliteremka ufukweni Mwigobero, kando ya ziwa, kumsaidia mama yake kuanika dagaa. Mwaka ule wa themanini na nne maisha yalikuwa yamebana kweli kweli. Sabuni ilikuwa adimu, madukani hakuna kitambaa, na nyavu za baba yake, Masatu, zilikuwa zimebaki matundu matupu. Ndiyo maana Masatu alikwenda visiwani kuvua kwa mtumbwi wa mtu mwingine, akawa harudi nyumbani ila mara mojamoja.

Hyasinta alikuwa na sketi mpya ya bluu na blauzi nyeupe, lakini raha hakuwa nayo. Sare hiyo aliipata kwa uongo. Sista Ursula wa parokia alikuja shuleni na sare za msaada, akawaomba yatima wasimame. Hyasinta aliitazama sketi yake kuukuu, iliyochakaa hata haishiki kiraka, akasimama. Nyumbani alimwambia mama yake kwamba wanafunzi wote wenye shida wamepewa.

Uongo huo ungelala salama kama si tangazo la katekista Apolinary. Jumapili ya kuwaombea marehemu, alisema, kila mtoto aliyepewa sare atakwenda mbele kanisani, atawasha mshumaa na kumtaja kwa sauti mzazi wake aliyefariki.

Nyumbani kwa akina Hyasinta mtu aliye hai haitwi marehemu hata kwa utani, maana ni kumwitia kifo. Na baba yake alikuwa juu ya maji. Jumamosi upepo ulivuma, ziwa likachafuka, mama akawa anasimama mlangoni kutazama mawingu. Hyasinta alishindwa hata kumeza ugali. Aliogopa kusema, na kunyamaza nako aliogopa.

Siku ikafika, kanisa likajaa. Mbele yake kwenye foleni alisimama Nyamburi, mwanafunzi mwenzake, ambaye alimtaja mama yake kwa sauti nyembamba kisha akaangua kilio. Kilikuwa kilio cha kweli, na Hyasinta aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Zamu yake ilipofika, alisogea mbele.

"Mtaje marehemu wako," katekista alimwambia taratibu.

Alifungua kinywa. Jina la baba lilifika kwenye ulimi, naye akamwona anazama nalo.

"Siwezi," alisema. "Baba yangu hajafa. Yuko ziwani anavua. Nilidanganya."

Mama yake, aliyekaa benchi la nyuma, alijishika kichwa. Katekista aliuchukua mshumaa, akauweka kando bila kuuwasha.

Baada ya misa Sista Ursula aliwaita mama na mtoto uani. Hyasinta alingoja kugombezwa, lakini alichoambiwa kilimuuma kuliko fimbo. Siku ile sare hazikutosha, na Boke, yatima wa mtaa wa Mukendo, alikosa. Tangu hapo Boke haji shule, anaonea haya nguo zake.

"Mimi naombaga msaada kwa ajili ya wenye shida, si yatima peke yao," Sista alisema. "Ungeniambia baba yupo ila hana nyavu, ningekusikiliza. Sasa umempokonya mwenzako bila hata kumwona."

Hyasinta mwenyewe alimpelekea Boke sare ile, imefuliwa na kukunjwa. Sista akamtaka aende parokiani kila Jumamosi kuwasaidia akina mama wanaoshona, naye ajishonee sare kwa vitambaa vitakavyobaki.

Hata hivyo hofu haikumwachia. Siku zilipita baba haonekani, na kila mtumbwi ulioingia Mwigobero ulimkimbiza ufukweni. Masatu aliposhuka hatimaye, amekonda, nguo zimelowa, Hyasinta alimng'ang'ania akamweleza yote huku analia.

Masatu alimfuta machozi.

"Mwanangu, upepo wa ziwa hausikilizagi maneno ya mtoto," alisema. "Lakini nisikilize mimi. Mimi ni maskini, na hilo ulitaje popote, sitaona haya. Wakikuuliza, sema baba yupo, nyavu ndiyo hana. Ukiniua leo upate nguo, siku nitakayokufa kweli, nani ataamini machozi yako?"

Hyasinta alikibeba kikapu cha baba yake, wakapanda pamoja njia ya kwenda nyumbani.