Kutoweka kwa Bi Mkubwa

Tangi lilikuwa tupu. Maji yalikuwemo, taa ziliwaka, mawe ya plastiki yalikaa palepale, lakini pweza hakuwemo.

Inspekta aliinama mpaka pua ikagusa kioo. Mwezi uliopita alisimama hapohapo na binti yake wa miaka saba, wakiwa wageni wa Jumba la Samaki kama watu wengine. Binti aligonga kioo, na baba mtu naye akagonga. Pweza akageuka mweupe pe.

"Baba, mbona amekuwa mweupe?"

"Anatusalimia," alijibu siku ile, kwa uhakika wa mtu asiyejua kitu.

"Ameibwa, afande," meneja alisema nyuma yake. Alivaa suti iliyombana, na simu haikumtoka mkononi. "Nimeshamsimamisha kazi mlinzi. Mkamate tu, tumalize."

"Kwa ushahidi gani?"

"Ufunguo wa mfuniko wa tangi unakaa kibandani kwake. Umejaa alama za vidole vyake."

"Ufunguo unaokaa kwake ulitaka uwe na alama za nani? Zangu?"

Pweza huyo, aliyeitwa Bi Mkubwa, ndiye aliyewavuta wageni kuliko samaki wote. Jumamosi kungekuwa na onyesho jipya: watoto wangemgusa kwa mikono yao. Matangazo yalikuwa yamebandikwa mpaka vyooni.

Mlinzi waliyemwita Babu Funguo alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya kibanda chake mwenyewe, kofia ameipakata.

"Nani aliingia asubuhi?" Inspekta aliuliza.

"Mama Ndoo, mlishaji wa samaki. Saa kumi na mbili, kama kawaida yake. Tulikunywa chai, akachukua ufunguo, akaurudisha."

"Nani alitoka na mzigo?"

"Hakuna. Kamera ya getini ni shahidi yangu. Zaidi ya geti lile hakuna njia nyingine."

"Una neno la kuongeza?"

Mzee aliigeuzageuza kofia. "Nimebakiza miezi miwili nistaafu. Wajukuu zangu wanasoma shule ile ng'ambo ya barabara. Wakija hapa na darasa lao, huwaambia wenzao, yule babu yetu. Sitaki niondoke hapa naitwa mwizi."

Inspekta alizitazama picha za kamera mara mbili. Mzee hakusema uongo. Akarudi kwenye tangi, akaukagua mfuniko. Makomeo manne, yote yamefungwa kwa nje. Maji yalikuwa yamepungua vidole vinne.

Mama Ndoo alikuja na mabuti yake ya mpira na ndoo iliyompa jina. Alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na tisa.

"Labda ametoroka mwenyewe, afande. Pweza hupenya tundu la ukubwa wa limau."

"Akishatoka, hugeuka akafunga makomeo?"

Mama Ndoo aliihamisha ndoo kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Na maji yamekwenda wapi?"

"Mnyama huhamishwa na maji yake. Ukimtia ghafla kwenye mengine, anapata mshtuko."

"Na hilo nani analijua?"

"Sisi," alijibu, kisha akaonekana kujuta.

Kama hakuna aliyetoka na mzigo, basi mzigo ulikuwa bado ndani. Inspekta alimwomba amtembeze nyuma. Walipita chumba cha pampu, chumba cha majokofu na stoo ya nyavu. Mlango wa mwisho ulikuwa na bango: KARANTINI, KIMEFUNGWA.

"Na hiki?"

"Kitupu. Hakijatumika tangu mwaka jana."

"Kifungue."

Alikifungua polepole. Inspekta akainua mguu aingie.

"Chovya viatu kwanza!"

Inspekta alibaki na mguu mmoja hewani kama kuku. Kizingitini palikuwa na beseni pana lenye sponji na dawa, harufu yake bado kali.

"Ya nini hii?"

"Ya kuua vijidudu. Ukiingia na uchafu wa nje, utamwam..." Mama Ndoo alifumba mdomo.

"Nitamwambukiza nani, mama? Si umesema kitupu?"

Angenyamaza tu, pengine Inspekta angechungulia gizani na kwenda zake. Lakini miaka kumi na tisa ya kuwaambia watu wachovye viatu haikumruhusu.

Inspekta alichovya kiatu cha kulia, akachovya cha kushoto, akaingia. Tangi lilikuwa limefunikwa blanketi. Alilifunua pembeni kidogo. Ndani ya chungu kilichovunjika alikuwemo Bi Mkubwa, rangi yake ya udongo, akipuliza maji taratibu juu ya mayai madogo yaliyoning'inia.

"Nilimhamisha kwa ndoo hii," Mama Ndoo alisema. "Mimi peke yangu."

"Kwa nini?"

"Ametaga. Pweza akitaga hali tena. Hukaa na mayai wiki sita, saba, kisha anakufa. Nimeandika barua tatu kwa meneja. Niliomba taa zizimwe na kioo kifunikwe tu, afe kwa amani. Nikajibiwa kwamba mayai ndiyo yatavuta watu. Jumamosi wangemtoa watoto wamshikeshike."

"Mayai yataanguliwa?"

"Hapana. Aliletwa mdogo, dume hajawahi kuliona. Ni mayai matupu. Ila yeye hajui." Alifuta pua kwa mkono. "Kutwa wanamgongea kioo. Akigeuka mweupe wanafurahi, wanapiga picha. Weupe ule ni hofu, afande."

Inspekta aliona haya mpaka masikioni. Akalirudisha blanketi.

"Na Babu Funguo?"

Mama Ndoo aliiweka ndoo chini. "Nilitaka waseme katoroka. Lakini makomeo niliyafunga kwa mazoea. Aliposingiziwa, nilikuwa nimeshamwambia meneja sijui lolote. Nikaogopa."

"Na chai ulikunywa naye."

"Nilikunywa." Akaanza kulia.

Inspekta aliwaita wote wawili, meneja na mlinzi, hapo nje ya mlango wa karantini. Mama Ndoo alirudia maneno yake mbele yao bila kupunguza hata moja. Babu Funguo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wajukuu zangu walipita saa moja na nusu," alisema. "Nilijificha nyuma ya kibanda wasinione."

"Nisamehe, kaka."

"Bado."

"Huyu hana kazi kuanzia sasa!" meneja alisema. "Mzee, rudi zamu. Na pweza arudishwe ukumbini leo hii."

"Mama atakuja kituoni kuandika maelezo," Inspekta alisema. "Lakini wizi haupo, maana kitu hakijatoka jengoni. Na pweza harudi ukumbini. Wewe ndiye uliyefungua jalada, meneja. Sasa huyu ni kielelezo cha polisi. Hakiguswi, hakimulikwi taa, mpaka nilifunge jalada."

"Utalifunga lini?"

"Wiki sita," Inspekta alisema. "Saba."

Mama Ndoo alimpa Babu Funguo ndoo. "Maji mapya kidogo kila asubuhi, kaka. Usimwashie taa." Mzee aliipokea bila kumtazama, akaenda akarudi na kiti chake cha kibandani. Akakiweka kando ya mlango wa karantini, akakaa, kofia kichwani.

Meneja alitaka kupita akajionee mwenyewe. Mguu wa mzee ukatangulia, ukalisukuma beseni katikati ya kizingiti.

"Chovya viatu kwanza," Babu Funguo alisema.

Mama Ndoo, aliyekuwa ameshafika mwisho wa korido pamoja na Inspekta, alisikia. Akasimama kidogo, akajifuta macho, kisha akaendelea na safari ya kituoni.