Paka wa Talatu na Mwezi Mwekundu

Giza lilikuwa limeanza kuingia. Talatu alikaa uani akichambua kunde za kosai, zile bajia za kunde alizouza kila asubuhi. Pembeni yake, ndani ya kikapu, paka wake mweusi aliyeitwa Gimbiya alikuwa akinyonyesha watoto. Kabla ya Gimbiya, panya walitoboa magunia na kuharibu kunde. Ndiyo maana Talatu alimpenda paka huyo kuliko mashemeji zake wote, na alisema hivyo hadharani.

"Shemeji, hata mimi paka ananizidi?" aliuliza Sule, mdogo wa mumewe.

"Wewe ndiye wa mwisho kabisa. Paka anakamata panya. Wewe unakamata sahani tu."

Sule alicheka akatazama juu. Akanyoosha kidole angani. Mwezi mpevu ulikuwa umemegwa upande mmoja.

"Yarabi! Paka kaukamata mwezi!"

Mtaa mzima ukalipuka. Watoto walitoka mbio wakigonga masufuria na vibuyu. "Paka, tuachie mwezi wetu!" waliimba. Kwetu mwezi ukipatwa husemwa paka kaukamata; ndivyo tufanyavyo tangu enzi za mabibi, na watoto huufurahia usiku huo kama sikukuu.

Lakini mwezi ulizidi kuliwa. Ukaisha wote, kisha ukawa mwekundu kama mafuta ya mawese. Makelele yakakoma ghafla. Talatu aliacha kunde akatazama juu.

Mumewe, Tanko, aliingia akihema. Aliuchukua mchi uliokuwa kando ya kinu.

"Yuko wapi huyo paka?"

"Baba watoto, una nini?"

"Huoni damu huko juu? Paka mweusi mtaa huu ni wetu peke yake. Watu wanatunyooshea vidole!"

Talatu hakuamini masikio yake. Asubuhi tu mtu huyuhuyu alimpa Gimbiya maziwa! Akajitupa juu ya kikapu.

"Haya, anza na mimi!"

"Tanko! Weka mchi chini!" Ilikuwa sauti ya Lami, jirani yao, mpiga picha za harusi. Aliingia na kamera yake shingoni. "Paka gani anafika huko? Ana ngazi?"

"Basi nani kaula?" Tanko aliuliza, mchi bado mkononi.

Lami aliinua taa ya uani, akamsimamisha Tanko kati ya taa na ukuta.

"Taa ni jua, wewe ni dunia, ukuta ni mwezi. Tazama, kivuli chako kimeufunika ukuta. Je, umeula?"

"La."

"Basi dunia imepita kati ya jua na mwezi. Kile ni kivuli chetu sisi wenyewe."

"Na ile damu?"

"Si damu. Mwanga wa jua unapenya kwenye hewa inayoizunguka dunia, na mwekundu ndio unaofika mwezini. Jua likizama si huwa jekundu vilevile? Utazameni mpaka mchoke, haudhuru macho. Jua likipatwa ndilo msilitazame kwa macho matupu."

Sule alikuwa akipiga picha kwa simu, lakini alipata doa tu.

"Zima huo mwanga wa simu," Lami alimwambia. "Unataka kuumulika mwezi? Iegemeze juu ya kinu isitikisike. Itege ipige yenyewe, uondoe mkono."

Sule akafanya hivyo. Safari hii mwezi ulitokea pichani, mdogo lakini mwekundu na wa duara.

Msikitini wakaita watu kwenye swala. "Kwa hiyo tusiswali?" Tanko aliuliza.

"Swalini. Swala ya kupatwa kwa mwezi ipo. Ya kupiga paka ndiyo sijaisikia."

Tanko aliuweka mchi chini. Alimtazama mkewe, bado amekumbatia kikapu, akaona aibu sana.

"Nisamehe, mama watoto," alisema, akaenda msikitini. Aliporudi, mwezi ulikuwa mweupe tena.

Mwezi ulipopatwa mara nyingine, watoto walitoka na masufuria yao kama kawaida. Walimkuta Tanko mlangoni. Simu yake ilikuwa juu ya kinu, na Gimbiya amelala mapajani mwake.

"Pigeni, pigeni!" aliwaambia. "Ila paka wangu huyu hapa. Nimempakata tangu magharibi, na picha ninazo."

Talatu alicheka mpaka kunde zikamwagika. Mchi, hata hivyo, alikuwa ameshauficha.