Taa Nyekundu Kwenye Meza ya Naipanoi

"Umebonyeza nini, Tumaini?"

"Reli."

"Una uhakika ni reli?"

"Mama Hosiana, nilitaka kubonyeza reli."

"Sijakuuliza ulitaka nini. Mimi mwenyewe nataka mengi na sijayapata. Umebonyeza nini?"

Jibu lilikuwa linawaka mbele yetu. Kwenye simu ya Mama Hosiana, mhasibu wetu, kitaa chekundu kiliwaka. Kikawaka cha Bwana Chetan, tajiri yetu, kule ndani ya chumba chake cha vioo. Kikawaka na cha meza ya Naipanoi, ambaye alikuwa ametoka kwenda posta. Ofisi nzima ilitoka madoa mekundu kama mtoto mwenye surua.

Nyota. Nilikuwa nimebonyeza nyota.

Miaka hiyo soko huria lilikuwa ndiyo kwanza limechangamka. Bwana Chetan alikuwa ananunua mahindi, ngozi na kamba za katani, na alitaka ofisi yake ya Korogwe ifanane na za Dar. Akaleta fundi kutoka Tanga, tukafungiwa simu zenye masanduku ya sauti. Mtu akikupigia hupo, maneno yake yanalala sandukuni mpaka uje uyasikilize. Hata ukiwa mbali unapiga simu ofisini, unataja sanduku lako kwa kubonyeza, unaweka namba ya siri, unasikiliza. Na ukitaka kumwachia mwenzako maneno, unarekodi kisha unabonyeza moja. Ukighairi, reli inafuta. Nyota inayamwaga maneno kwenye masanduku yote kwa mpigo. Hiyo aliitumia tajiri peke yake, siku za kutukaripia kwa jumla.

Mimi sikuwa nakaripia mtu. Nilikuwa nakimbia mchumba.

"Ngoja nisikie mwenyewe," Mama Hosiana akasema, mkono tayari kwenye simu.

"Mama, nakuomba!"

Alikwishabonyeza. Akaweka spika. Sauti yangu ikatoka, nyembamba, ya mtu anayeongea huku amejificha chini ya meza. Na kweli nilikuwa nimeinama chini ya meza.

"Naipanoi, mama. Ni mimi. Jumapili sitaweza kuja kwenu. Waambie wazee tajiri amenituma Tanga. Hajanituma. Namwogopa kaka yako. Nimefikiri sana, naona... tuache kwanza. Tuache tu. Basi."

Mama Hosiana akakata spika. Nilitegemea acheke, maana yule mama hucheka hata msibani. Hakucheka.

"Mwenzio ameshonesha gauni la Jumapili," akasema taratibu.

"Najua."

"Amenunua sukari ya wageni."

"Najua, mama! Ndiyo maana nilighairi. Nilipomaliza kurekodi nikajisikia vibaya, nikasema nifute. Mkono ukatetemeka."

"Mkono hautetemeki bure. Unamwogopa Parsaoti mpaka vidoleni?"

Ndiyo. Parsaoti, kaka yake Naipanoi, alikuwa mnunuzi wetu wa ngozi kule Handeni. Mtu mrefu, hasemi sana, viganja kama makasia. Kulikuwa na habari ya mwalimu mmoja aliyemchumbia Naipanoi kabla yangu. Siku moja Parsaoti alikwenda kumtembelea, na kesho yake mwalimu akaomba uhamisho. Aliacha mpaka kitanda.

Na wiki iliyopita Parsaoti alileta ngozi ofisini. Wakati anatoka akanishika bega.

"Jumapili njoo nyumbani Handeni, wazee wakuone," aliniambia. "Ila uje na miguu yote miwili."

Hakutabasamu. Tangu siku hiyo silali. Nikilala naota natambaa.

"Sasa unalia nini?" Mama Hosiana akanigutua. "Ingia ukafute kabla hawajasikia."

"Nitaingiaje? Kila sanduku lina namba yake ya siri."

"Yangu ni ile ya sanduku la posta."

Nikamtazama. "Hata yangu."

Tukatazamana.

Posta ofisi nzima tuna sanduku moja na ufunguo mmoja, unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Anayekwenda mjini anaubeba, anatuletea barua zetu sote. Basi fundi aliposema kila mwenye sanduku aweke namba yake, kila mtu kwa akili zake akaweka namba ya S.L.P. Sanduku si sanduku? Hakuna aliyemuuliza mwenzake, maana ni siri.

"Na tajiri?" nikanong'ona.

"Jaribu."

Nikabonyeza sanduku la Bwana Chetan, nikaweka namba ya posta. Yule dada wa kwenye mashine akanikaribisha kwa Kiingereza chake cha puani. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa mkewe, Mama Pramila: "Chetan, dawa ya presha umeacha kabatini tena." Nikauruka. Wa pili ukaanza, "Naipanoi, mama..." Reli! Reli! Ukafutika. Kitaa cha tajiri hakikuzimika kwa sababu ya dawa zake, lakini mimi nilipumua.

Hapo hapo gari likasimama nje. Bwana Chetan akaingia, anajipepea kwa kofia.

"Tumaini! Umekamata simu, nani naongea?"

"Hakuna mtu, bosi. Najaribu kama inafanya kazi."

"Inafanya kazi. Wewe ndiyo hapana fanya kazi. Leta karatasi za lori la Mkumbara."

Nikazitafuta zile karatasi huku jicho moja liko mezani kwa Naipanoi. Kile kitaa chake chekundu kilinitazama. Nikampelekea tajiri. Akauliza hili, akauliza lile. Nikajibu sijui nini. Nilipogeuka kutoka, nikasimama kama nimepigwa msumari.

Kitaa cha Naipanoi kilikuwa kimezimika.

Kiti chake kitupu. Simu yake haijaguswa. Mama Hosiana yuko mezani kwake, mikono hewani kuonyesha kwamba si yeye. Kitaa huzimika tu mtu akisikiliza.

"Kimezimika chenyewe," akanong'ona. "Nimekiona kwa macho yangu. Pu!"

"Labda amepiga akiwa posta?"

"Naipanoi apige simu ya kulipia, na ofisi iko mita mia mbili?"

Nikabonyeza sanduku lake. Dada wa mashine akasema hakuna ujumbe mpya. Upo mmoja, umekwisha kusikilizwa. Kabla sijaufuta nikataka kujua ni nani, nikabonyeza sanduku la Parsaoti, maana wanunuzi wa mbali nao wana yao. Huko ujumbe wangu ulikuwa bado mpya kabisa. Nikaufuta, lakini nilikuwa sielewi kitu. Kama kaka hajafungua lake, nani amefungua la dada yake?

Nikarudisha mkonga, na hapo hapo simu ikaita. Nusura niitupe.

"Haloo?"

Kwa mbali nikasikia mbuzi. Halafu sauti nzito:

"Tumaini."

"Shi... shikamoo, kaka Parsaoti."

"Nimesikia."

Sikumuuliza amesikia nini.

"Usifute," akasema. "Nitapiga tena nijue kama maneno yapo. Nakuja na lori la ngozi. Usiondoke hapo."

Akakata.

"Amesemaje?" Mama Hosiana akauliza.

"Anakuja."

"Kufanya nini?"

"Mama Hosiana, ukienda kutoa habari kwetu Dindira, anza kwa shangazi. Mama yangu ana ugonjwa wa moyo."

"Acha upuuzi wako. Kabla lori halijafika, mwambie mwenyewe Naipanoi. Kwa mdomo wako. Akiyasikia kwa kaka yake, umekwisha."

Ilipita saa nzima na zaidi kabla Naipanoi hajaingia na barua kwapani na kifuko cha mandazi; alikuwa amepitia kwa fundi wa nguo. Akatabasamu, na hilo likawa baya kuliko lori.

"Mbona mmekaa kama mnasubiri mchungaji? Tumaini, shika, ya moto. Fundi amemaliza gauni. Kijani, ile uliyosema."

Akatazama simu yake. Kitaa hakiwaki, basi hakusikiliza. Akakaa, akaanza kupanga barua huku anavuma wimbo wa kwaya. Mimi nimeshika andazi kama nimeshika bomu.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kutoka kwa mlango wa stoo, nikafika chumbani kwangu Kilole, nikachukua begi langu. Yule mwalimu aliacha kitanda. Mimi kitanda ni cha mwenye nyumba.

Lori likapiga honi mbali, upande wa barabara ya Handeni. Labda lilikuwa la mtu mwingine. Nikaliweka andazi mezani.

"Naipanoi."

"Abee."

"Kuna maneno yangu kwenye sanduku lako. Mabaya. Nilitaka kuyafuta yakaenda. Nilisema Jumapili siji. Nilisema tuache."

Akaacha kuvuma.

"Rudia."

"Nilisema tuache. Namwogopa kaka yako. Lakini sikutaka..."

Akanyanyua mkono, nikanyamaza. Akachukua simu, akabonyeza, akasikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukubadilika, na hilo ndilo lililonitisha. Akarudisha mkonga mahali pake taratibu.

"Hajanituma," akasema, akiniiga ile sauti ya chini ya meza. "Miezi yote hii ulikuwa unaniambia utanifuata mpaka kwa bibi yangu Kibaya. Leo Handeni hapa, umeshindwa?"

"Nisamehe."

"Nitajua baadaye kama nakusamehe. Kwanza niambie, huu ujumbe ulikuwa umekwisha kusikilizwa. Umeusikiliza wewe?"

"Hapana. Nilitaka kuingia niufute, nikakuta mtu amenitangulia."

"Ulitaka kuingia? Kwenye sanduku langu?"

"Namba zetu zote ni za posta, Naipanoi. Hata ya tajiri."

"Nani namba yangu amesema?" Bwana Chetan akatoa kichwa mlangoni.

Safari hii honi ililia mlangoni kwetu. Breki zikapuliza. Harufu ya ngozi ikaingia kabla ya mwenyewe. Kisha Parsaoti akajaa mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope, akanitazama.

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama, labda ili nianguke vizuri.

"Umemwambia?" akauliza.

"Nimemwambia."

"Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akapiga hatua kunijia. Naipanoi akasimama katikati yetu. Anamfikia kaka yake kifuani.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba."

"Wewe umejuaje maneno yaliyo kwenye sanduku langu?"

Kwa mara ya kwanza nikaona kitu sikuwahi kukiona kwenye uso wa Parsaoti: macho yalitafuta mlango.

"Nilipiga... nikakosea sanduku."

"Leo?"

"Leo."

"Na siku nyingine?"

Mama Hosiana akaacha kutafuna andazi langu.

"Kaka Parsaoti. Tangu lini?"

"Tangu fundi alipofunga mashine," akasema, anatazama viatu vyake. "Siku ya kwanza nilikosea kweli. Nikasikia huyu anakuambia ile ya mbuzi wa mchungaji. Nikacheka. Kesho yake nikapiga tena."

"Umesikiliza maneno yangu yote?"

"Si yote. Siku za mnada nilikuwa nakosa. Mtu akisikiliza kitaa kinazimika, kwa hiyo nilisubiri usikilize wewe kwanza. Leo tu sikuvumilia."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna."

"Kaka!"

"Akber mwenye duka la simu. Ana spika. Anasema kijana huyu siku hizi hana jipya." Akameza mate. "Na baba. Mara mbili tatu. Baba alipenda ile ya mguu."

"Ipi ya mguu?" nikauliza, sauti imenitoka yenyewe.

Parsaoti akanigeukia, kama anashangaa. "Si ulimwambia hata ukibaki na mguu mmoja utarukaruka mpaka Handeni? Ndiyo nikakuambia uje na yote miwili. Nilikuwa natania."

"Kaka, wewe hutanii!" Naipanoi akafoka.

"Nilijaribu."

Nikakaa. Miguu yote miwili ilikataa kazi.

"Na yule mwalimu?" nikauliza.

"Alikuwa na mke Mkumbara. Nilimpelekea salamu za mkewe tu."

Mama Hosiana ndipo alipoangua kicheko, akalalia meza. Lakini Naipanoi hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hata tajiri akaacha kujipepea.

"Mmoja ananisikiliza miezi yote kama redio," akasema. "Mwingine anataka kuingia afute nisijue niliachwa. Wote wawili mnasema mnanipenda. Nani kati yenu aliniuliza mimi?"

Nikaogopa upya, na hii ndiyo hofu yenyewe. Ile ya Parsaoti ilikuwa ya miguu.

"Naipanoi," nikasema. "Jumapili nakuja. Ukinifukuza mlangoni nitakaa mlangoni. Hayo siyasemi kwenye mashine."

Akafuta macho kwa kiganja.

"Utakuja," akasema. "Utasimama mbele ya baba, useme kwa sauti kwamba ulitaka kunikimbia, na kwa nini hukukimbia. Kaka atakaa pale na kusikiliza hadharani, maana kusikiliza ndiyo kazi yake. Halafu mimi nitasema neno langu. Silisemi leo."

"Sawa," nikasema.

"Sawa," Parsaoti akasema, mdogo kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Na namba zote badilisha leo!" Bwana Chetan akasema. "Mpaka dawa yangu mtu najua!"

Jumapili nilishuka Handeni na mama yangu, nikatetemeka mbele ya mzee Nkoitiko, baba yake Naipanoi, nikasema yote. Mzee akanisikiliza hadi mwisho, akasema kwenye simu huwa nachangamka zaidi. Wakacheka, isipokuwa mmoja. Yeye alisubiri vicheko viishe, gauni lake la kijani limemkaa kama majani ya Dindira baada ya mvua.

"Baba," akasema, "nimemsikia. Namtaka. Lakini namtaka akiwa anaogopa hivi hivi."

Tulifunga ndoa baada ya mavuno. Parsaoti alicheza mpaka viatu vikafunguka soli.

Namba zetu zilibadilishwa, na ya Naipanoi siijui mpaka leo. Ila mashine ile hufuta ujumbe wa zamani isipoambiwa iutunze, na kila siku yake ya kukumbushwa inapofika, mke wangu hubonyeza ili ule ujumbe wangu wa siku ile ubaki. Nikichelewa kurudi nyumbani Kilole, au nikijifanya mkubwa mbele ya wageni, hanigombezi. Ananinong'oneza tu sikioni, kwa ile sauti nyembamba ya chini ya meza:

"Hajanituma."

Nami nakaa.