Abiria wa Kinu cha Mjane

Akina mama wa kanisani walimpa Marlene Sopko sinia lake la pierogi, vitumbua vya kuchemsha vyenye viazi ndani, kupitia mlango wa jikoni, na kama kawaida yao wakamwongezea umbea kidogo wa kusindikizia.

"Kumbe leo ndiyo mwisho wa kile kibanda chenu cha mashetani?" mmoja akamuuliza huku akifuta mikono yenye unga.

"Si kibanda, ni Kinu. Na si mwisho. Leo tunapiga kura."

"Haya. Nitawaombea ninyi na mashetani wenu."

Walicheka, na Marlene akacheka nao. Siku hiyo angecheka na yeyote. Aliliweka sinia kwenye kiti cha mbele cha abiria na gari likaanza kulia palepale. Ti... ti... ti... Magari ya siku hizi hayana adabu. Ukiweka hata mfuko wa viazi, linadhani ni mtu na kudai afunge mkanda. Marlene akaufunga mkanda juu ya sinia, kelele ikakoma.

"Samahani, Emil," alisema akiangalia kiti cha nyuma, ambako hakukuwa na mtu. "Leo utakaa huko. Chakula kwanza."

Emil Sopko, mume wake, alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita.

Kila mtu pale mjini alikijua Kinu cha Mjane. Kilikuwa mchezo wa kutisha kwenye bustani ya michezo ya Harlan Grove tangu bibi yake Marlene alipokuwa msichana. Unapanda boti ya watu wawili, inakuingiza kwenye jengo la giza lililofanywa kama kinu cha maji, maji yananuka ukungu na mbao mbichi, panya wa mpira wanakurukia, na kwenye kona ya tatu mjane wa nta anageuza shingo kukutazama. Hapo kwenye kona ya tatu ndipo Emil alipombusu kwa mara ya kwanza. Na Emil alipokuwa anakufa kwa ugonjwa wa mapafu, aliomba kitu kimoja tu: majivu yake yamwagwe pale.

Hilo halikuwa ombi la ajabu kwa watu wa Klabu ya Kinu, chama cha wapenzi wa mchezo ule. Walikuwapo wengine waliokwisha kufanya hivyo. Lakini wafanyakazi wa bustani walikuwa wameshtuka na kuanza kuwamulika watu tochi, na Marlene alikuwa mwoga. Basi rafiki yake Gwen Pruitt, mwenyekiti wa klabu, akauchukua mfuko wa majivu, akauficha ndani ya koti, akapanda boti peke yake. Alitoka akiwa anafuta macho.

"Tayari, shoga yangu. Kona ya tatu."

Wiki iliyofuata Marlene alipanda mwenyewe. Boti ilipopita kona ya tatu, alinyoosha mkono, akagonga ubao mara mbili, kama Emil alivyokuwa akigonga mlango wa bafu kumharakisha.

Kimya.

Alirudia wiki baada ya wiki. Mara ya sita, kutoka nyuma ya ubao...

Ngo. Ngo. Ngo.

Tangu hapo hakukosa hata Jumapili moja ya msimu. Alimweleza mambo yake yote kwenye ile kona: bomba la jikoni lililopasuka, dada yake aliyemsema vibaya, jinsi kitanda kilivyo kikubwa. Naye alijibiwa kwa kugongwa. Mwaka wa nne kidole cha baridi kilianza kumgusa kifundo cha mkono gizani, taratibu, kama mtu anayepima mapigo ya moyo. Marlene hakuogopa. Nani anamwogopa mume wake?

Sasa wenye bustani walitaka kubadilisha mandhari. Wakati wa baridi wangemwondoa mjane, wangewaondoa panya, wangepaka kuta rangi ya waridi na kuleta dubu wa sukari wanaoimba. Hata jina lingekuwa jipya: Mto wa Peremende! Klabu ilikuwa imekaa mwaka mzima ikibishana, hadi wenye bustani wakaandika barua: kama wanachama watasimama pamoja kukitetea Kinu, watakiacha kama kilivyo, maana wanachama ndio wanaokijaza. Wakigawanyika, dubu wanaingia.

Gwen alikuwa ameahidi kusimama na kusema. Watu humfuata Gwen. Hata hivyo mchana ule, kabla ya kupitia kanisani, katika safari ya mwisho ya msimu, Marlene alikuwa amejihadhari. Alipofika kona ya tatu aliweka kiganja chote ubaoni.

"Emil, likitokea la kutokea, wasikukute humu. Twende nyumbani. Upande wako wa kitanda sijaugusa."

Hakukugongwa. Lakini boti ililala kidogo upande wa kulia. Ikatoka nje imelala hivyohivyo, na mama anayeteremsha abiria akashika ukingo, akasema bila kuangalia sana:

"Wawili? Teremkeni polepole."

Mwanamke mwingine angepiga yowe. Marlene alifurahi mpaka akalia.

*

Ukumbi wa zimamoto ulikuwa umejaa fulana nyeusi za klabu. Marlene aliweka sinia mezani, akachukua viti viwili, akaweka koti lake juu ya cha pili. Mzee Hank Dombroski, aliyerekodi kila sauti ya Kinu tangu ujana wake, alikuwa tayari amesimama na mishipa ya shingo imemtoka.

"Dubu! Mimi nimetoa jasho langu kwa klabu hii, leo mnanipa dubu!"

"Mzee Hank, kaa chini utapasuka," akasema Brianna, mama kijana aliyekuwa anapiga video kwa simu. "Wanangu wakipita mle wanakojoa. Na yule mjane wenu kichwa kinazunguka nusu tu, amekwama tangu majira ya kuchipua. Hiyo ndiyo historia mnayoililia?"

"Wanao wana mioyo ya siagi!"

"Na wewe una magoti ya biskuti, hebu kaa!"

Watu wakacheka, hata Hank akatabasamu kidogo. Bwana mmoja aliyechelewa akaomba kiti chenye koti. Kabla Marlene hajasema neno, bwana yule aliweka mkono kwenye egemeo, akautoa haraka.

"Pana baridi hapa," akanong'ona, akaenda kusimama ukutani.

Ndipo Gwen akasimama mbele. Marlene alimwinulia dole gumba. Gwen hakumwangalia.

"Nimekipenda Kinu kuliko wengi wenu," Gwen alianza. Sauti yake ilikuwa kavu. "Lakini kuna watu humu kimewafunga. Wanaishi mle. Hawaishi kwingine. Mimi... mimi napiga kura kibadilishwe."

Brianna aliteremsha simu yake.

Marlene alihisi uso unamwaka moto. Alidhani amesikia vibaya. Alimtazama Hank, na Hank alikuwa ameketi mwenyewe bila kuambiwa. Halafu mikono ikaanza kuinuka, mmoja baada ya mwingine, ya watu waliokuja wakiwa hawana uhakika na sasa walikuwa nao. Kura ziligawanyika karibu sawa kwa sawa. Hiyo ilitosha. Dubu walikuwa wameshinda.

Marlene alilichukua sinia lake, pierogi nusu zikiwa bado zimo, akatoka. Kumnyima mtu chakula ndilo tusi pekee lililomjia.

Gwen alimfuata hadi kwenye maegesho. Giza lilikuwa limeshaingia na taa moja tu ndiyo iliyowaka.

"Marlene, nisikilize."

"Uliniahidi! Unajua nani yumo mle. Wewe ndiye uliyemweka!"

"Hayumo."

"Nini?"

Gwen alifungua mlango wa gari lake, akainama, akatoa kopo la kahawa lililozungushiwa utepe wa gundi. Alilishika kwa mikono miwili.

"Sikumwaga. Siku ile kulikuwa na mfanyakazi mwenye tochi kila kona. Niliogopa, nikatoka naye ndani ya koti. Nilisema nitarudi wiki ijayo. Nikaahirisha wiki hadi wiki, mpaka wewe ukaja unang'aa unaniambia amekugongea. Ningekwambiaje? Kila mwaka ikawa vigumu zaidi. Yuko hapa, Marlene. Amekuwa kwangu muda wote."

Marlene alilipokea kopo. Lilikuwa zito kuliko alivyotarajia.

"Lakini aligonga," alisema polepole.

"Ni pampu. Nilimuuliza fundi. Bomba la nyuma ya kona ya tatu hugonga likijaa hewa."

"Na mkono, Gwen? Pampu inashika mtu mkono?"

Gwen akageuka kumtazama. Taa ilimwonyesha vizuri usoni, na Marlene aliona kwamba jambo la mkono hakuwa amelisikia kabla. Hata Gwen, Marlene alikuwa amemficha hilo.

"Nani alikushika mkono?" Gwen akanong'ona.

Miaka tisa. Bomba la jikoni, dada, kitanda. Siri zote alizomwambia mumewe, nani alikuwa anazisikiliza?

"Njoo ulale kwangu leo," Gwen akasema. "Tafadhali. Utanitukana kesho."

"Usinifuate," Marlene akasema. "Usinifuate kabisa."

*

Sinia alilitupa ndani ya buti la gari. Kopo aliliweka mapajani, akafunga mkanda wake, akawasha gari.

Ti... ti... ti...

Aliangalia kiti cha abiria. Kilikuwa kitupu. Kwenye dashibodi taa nyekundu ya mkanda wa abiria ilikuwa inawaka na kuzima.

Ti... ti... ti...

Harufu ikaja. Ukungu. Mbao mbichi. Na chini yake kitu kingine ambacho mle ndani hakuwahi kukisikia, kwa sababu maji yalikifunika: harufu ya mdomo wa mtu aliyelala muda mrefu.

Ngozi ya kiti ilibonyea.

"Wewe si Emil," Marlene akasema. "Emil ninaye hapa. Wewe ni nani?"

Kidole kikamgusa kifundo cha mkono. Taratibu. Kwa upole uleule wa siku zote.

Alitaka kupiga kelele, lakini alipoinua macho alimwona Gwen akiingia kwenye gari lake upande wa pili, akijifuta pua, na hasira ikaifukuza hofu. Huyu ndiye aliyeanzisha yote. Huyu alimwacha acheze na kitu asichokijua, akimwona, akinyamaza, akila pierogi zake kila mwaka. Marlene hakuwahi kumchukia mtu namna ile.

"Si kwangu," alinong'ona kuelekea kiti kitupu. "Nenda naye yule. Nyumba ya baraza la njano, mtaa wa Maple. Mlango wa jikoni haufungwi. Hata paka ana chumba. Nenda!"

Kidole kilibaki mkononi mwake kwa muda. Kikabonyeza mara moja, kama mtu anayeuliza, una hakika?

"Nenda."

Kelele ikakoma. Taa nyekundu ikazima. Mlango haukufunguka. Upande wa pili wa maegesho gari la Gwen liliwaka, likarudi nyuma, na lilipopita chini ya taa lilikuwa limelala kidogo upande wa kulia.

Angeweza kupiga honi. Alikuwa na mkono juu yake.

Nyumbani aliwasha taa zote. Aliliweka kopo katikati ya meza ya jikoni, akakaa mbele yake bila kuvua koti. Alijaribu kuongea nalo. Alisema, "Emil," akasikia jinsi neno lilivyotoka, kama mtu anayesoma jina kwenye bahasha isiyo yake. Akaligonga kopo mara mbili. Halikujibu. Lilikuwa majivu tu, na alikasirika kwa kuwa lilikuwa majivu tu.

Simu ililia. Gwen. Aliiacha ikalia hadi ikanyamaza. Ikalia tena, na tena, na mara ya nne akapokea.

Mwanzoni hakusikia ila pumzi.

"Marlene..." Gwen alikuwa ananong'ona kwa shida, karibu sana na simu. "Kuna mtu sebuleni kwangu. Amekaa gizani. Viatu vimelowa, zulia lote limelowa..."

"Toka nje, Gwen."

"Siwezi. Yupo kati yangu na mlango. Anaongea, Marlene. Tangu nifike anaongea tu. Ana sauti ya Emil, ileile, na kile kikohozi. Ananisimulia habari zako. Bomba. Dada yako. Anacheka kidogo. Anaongea kwa upole, na hanyamazi..." Alianza kulia. "Nisamehe. Nakuomba. Njoo umchukue."

Marlene alishika ukingo wa meza. Alijua alichopaswa kuhisi. Hofu, na aibu kwa alichomfanyia rafiki yake wa miaka ishirini. Vyote viwili vilikuwapo, ila vilikuwa vidogo. Kilichompasua kifua kilikuwa kitu kingine. Miaka tisa alimpa kila Jumapili, mvua na jua, naye hakuwahi kumjibu hata neno moja, kugonga tu. Gwen amempata jioni moja tu, na anaongea.

Kutoka ndani ya simu, mbali, nyuma ya kilio cha Gwen, sauti ya mwanamume ilikohoa, ikaendelea kusimulia.

Marlene alikuwa ameshasimama. Hakuliangalia kopo. Alikuwa anatafuta funguo za gari mfukoni.

"Gwen," alisema. "Mwambie anisubiri."